Pipa la Dona Eulália

Vila Nova de Gaia, 2 Februari 1958

Dada Deolinda mpendwa,

Barua yako nimeipata, na soksi pia. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri niwe na habari njema. Nimeona sasa kwamba nikiendelea kusubiri hutapata barua kabisa.

Unajua jambo hili lilivyoanza. Agosti iliyopita nilipita ghalani na karatasi zangu, nikamwambia Bwana Horácio, mwonjaji mkuu wa nyumba yetu ya mvinyo, kwamba pipa moja karibu na mlango linanuka kama dawa ya vidonda. Karani hazungumzi hivyo na mwonjaji mkuu. Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake alimwita fundi mapipa, wakalifungua, wakakuta ubao mmoja umeharibika kwa ndani. Tangu siku hiyo ananiita kwenye chumba cha kuonjea kila Alhamisi, na ameniahidi kwamba kuanzia tarehe kumi Machi nitakuwa msaidizi wake. Mama, kama unavyojua, ameshawatangazia watu wote wa Pinhão mpaka mkata tiketi wa stesheni.

Sasa hili nitakaloandika usimwambie Mama. Mafua ya Novemba yaliondoka na pua yangu. Haijaziba, napumua vizuri tu, lakini sisikii harufu ya kitu chochote. Kahawa kwangu ni maji ya moto machungu. Juzi maziwa yaliungua jikoni kwa mama mwenye nyumba, nami nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko nikisoma gazeti, mpaka alipokuja kunipigia kelele. Ulimi bado unajua tamu, chachu na chungu. Zaidi ya hapo hakuna.

Utauliza nimepitaje Alhamisi zote hizo. Kwa miaka minne nimekuwa nikinakili daftari la kuonjea, kurasa baada ya kurasa, na ninalijua kama ninavyojua sala. Bwana Horácio akimimina mvinyo wa mwaka 1908, mimi nasema yaliyoandikwa kuhusu wa 1908, nikibadilisha neno hapa na pale. Naye anatikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo linaloninyima raha, Dada: hajanipinga hata mara moja. Mtu mwenye pua kama yake asipokupinga, ujue anakusubiri ujikwae.

Na sasa kuna safari. Kila Februari Bwana Horácio na rafiki zake wawili aliosoma nao, Daktari Leandro na Padri Belmiro, hupanda treni hadi huko kwenu, kwenye shamba la Dona Eulália, kuonja mivinyo ya zamani ambayo haifunguliwi kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Mwaka huu Dona Eulália anataka kutuuzia pipa la babu yake, la mwaka 1868. Bwana Horácio atasema kama ni zima. Akilipitisha, litamiminwa kwenye mchanganyiko wetu wa kale, ule ambao mwanzilishi wa nyumba aliuanza na ambao kila kizazi huongeza kidogo. Pipa bovu likiingia humo, hakuna wa kulitoa.

Ameniambia niende nao. Alisema kama mtu anayetoa zawadi. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Abílio

*

Pinhão, 6 Februari 1958

Abílio,

Unaniuliza ufanye nini wakati unajua. Mwambie huyo mzee kabla hamjapanda treni. Watu wengi walipoteza pua kwa mafua yale, si aibu. Mke wa mwashi hapa alikaa hivyo hadi Krismasi, akawa anatia chumvi mara tatu kwenye supu, na mume wake akala bila kusema neno.

Aibu ni hizo Alhamisi. Usiongeze nyingine.

Kwa Mama nimenyamaza, ila sipendi. Jana alimwambia mwalimu mkuu wangu kwamba mwanawe ataonjeshwa mvinyo ambao hata askofu hajaunusa. Mwalimu mkuu akaniuliza kama naweza kumpatia chupa.

Ukishindwa kusema, andika. Si ndiyo kazi yako?

Deolinda

*

Vila Nova de Gaia, 17 Februari 1958

Dada mpendwa,

Sikusema. Kwenye treni nilikuwa nimebeba magotini kikapu cha chupa za ghala letu, maana chupa za umri ule zikitikiswa mashapo hupanda na siku nzima inaharibika. Bwana Horácio alikaa mbele yangu, akawa ananiangalia mimi na kikapu kwa zamu. Kila nilipofungua mdomo, treni ilipiga kona, naye akasema, "Taratibu, mwanangu, taratibu." Tulifika hivyo.

Nataka nikueleze meza ile vizuri ili unishauri vizuri.

Chupa za umri ule hazizibuliwi, kwa sababu kizibo kimekuwa unga. Daktari Leandro aliweka koleo kwenye moto wa jikoni hadi likawa jekundu, akalibana kwenye shingo ya chupa, akahesabu, kisha akapitisha kitambaa chenye maji baridi. Shingo ilikatika safi, na kizibo kikiwa ndani yake. Anafanya kazi hiyo kama anavyokata kitovu. Padri Belmiro alimwambia kwamba angekuwa na utaratibu kama huo kwa wagonjwa wake, makaburi ya Porto yangekuwa na nafasi. Wanataniana hivyo tangu shuleni, na Dona Eulália anawagombeza wote watatu kana kwamba bado wanavaa kaptula, ingawa mwenyewe ana miaka sitini na mbili na ni mjane.

Mvinyo hupitishwa mezani kuelekea kushoto, na wana desturi yao: mdogo kuliko wote mezani ndiye anayesema kwanza, ili wakubwa wasimtie maneno mdomoni. Halafu anasema Bwana Horácio. Akishasema yeye, waliobaki huitikia, na hapo pameisha. Kwa hiyo chupa baada ya chupa macho yote yalikuwa kwangu.

Wa 1896 nilisema. Wa 1908 nilisema. Wa 1912 nilisema hata yale ya ukurasa wa nyuma. Bwana Horácio aliitikia kila mara, tena kwa fahari. Padri alicheka akasema, "Huyu kijana anaongea kama daftari." Kila mtu alicheka.

Kisha msimamizi wa shamba akaleta wa 1868 kwenye jagi, moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Huo hauna ukurasa, Dada. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuuonja. Niliutia mdomoni, nikapata utamu na uchachu kidogo mwishoni, basi. Dona Eulália alikuwa ameshika leso. Nikachukua maneno ya wa 1863, kwa kuwa yako karibu kwa umri: tini zilizokaushwa, jozi, ganda la chungwa, tumbaku iliyowekwa kwenye kasha. Nilisema pole pole kama mtu anayetafuta.

Bwana Horácio akasema, "Kijana amemaliza yote. Ni mzima."

Hakuna aliyeitikia. Daktari alimtazama Bwana Horácio kwa muda mrefu, akaweka glasi yake chini ya taa, akaiacha. Padri alipenga kamasi na kuomba jibini. Dona Eulália alianza kulia, na watu wakashughulika naye. Nilibeba glasi kuzirudisha jikoni kwa sababu sikuweza kukaa. Zilizokuwa tupu zilikuwa mbili: yangu na ya Bwana Horácio. Tangu hapo sijalala vizuri.

Wewe uko saa moja kwa miguu kutoka shambani na pua yako ni nzima. Nakuomba uende. Msimamizi anakufahamu, umemfundisha binti yake. Mwambie akuchotee kidogo tu. Pipa linaletwa Gaia kwa treni tarehe sita Machi, na tarehe nane litamiminwa.

Ninajua unavyonifikiria.

Abílio

*

Pinhão, 23 Februari 1958

Abílio,

Kwanza, nilikuona stesheni siku ile ukiwa umekumbatia kikapu kama mtoto wa kubatizwa. Nilikupungia mkono. Hukuniona.

Pili, nimekwenda. Jumamosi yote imekwenda, na viatu vimekwenda pia kwa tope. Sikuhitaji hata kuonja. Msimamizi alipofungua bomba la pipa nilirudi nyuma. Unakumbuka lile sanduku la shuka za bibi tulilolikuta limejaa ukungu baada ya mvua ya mwaka ule? Ni uvundo huo huo. Nilimuuliza msimamizi kama yeye hausikii. Akanijibu, "Mwalimu, mimi nausikia tangu mwaka juzi. Lakini waungwana kutoka Gaia wamesema ni tini na jozi. Mimi ni nani?"

Umeelewa? Mtu anayeishi na pipa lile ameanza kuitilia shaka pua yake mwenyewe kwa sababu ya maneno uliyoyatoa kwenye daftari.

Andika kwa Bwana Horácio leo. Usingoje Alhamisi.

Deolinda

*

Vila Nova de Gaia, 25 Februari 1958

Mheshimiwa Bwana Horácio,

Nimesikia kwa masikitiko kwamba mguu umekulaza nyumbani Foz, nami naomba radhi kukusumbua kitandani. Nimesita sana kabla ya kuandika, na nimeichana barua hii mara tatu.

Jambo lenyewe linahusu pipa la mwaka 1868. Ninazo sababu za kuaminika za kusema kwamba pipa lile lina uvundo, na kwamba likimiminwa kwenye mchanganyiko wa kale hasara yake haitarekebishika katika maisha yetu.

Bwana atauliza ilikuwaje basi lipitishwe. Kwa heshima kubwa naomba niseme kwamba mezani siku ile palikuwa na mtu ambaye pua yake haifanyi kazi, na haijafanya kazi kwa muda sasa. Mtu huyo, kwa kuithamini nafasi yake na kwa hofu ya kuipoteza, alitamka maneno ambayo hayakutoka kwenye glasi. Siamini kwamba alikusudia ubaya. Anastahili kuhurumiwa zaidi kuliko kulaumiwa. Lakini si haki pipa limiminwe kwa ushahidi wake.

Sitamtaja kwa jina, kwa kuwa barua inaweza kufunguliwa na mwingine. Naamini Bwana anamfahamu.

Nasubiri uamuzi wako, vyovyote utakavyokuwa, nami nitautii.

Mtumishi wako mnyenyekevu,
Abílio Seixas

*

Foz do Douro, 27 Februari 1958

Mpendwa Abílio,

Nimeisoma barua yako, nikamwomba mke wangu atoke chumbani, nikaisoma tena. Umeandika kwa adabu kuliko nilivyostahili.

Umejua tangu lini?

Mimi imekuwa miaka mitatu. Haikuondoka kwa siku moja. Kwanza zilikwenda harufu za maua, kisha za mbao, kisha asubuhi moja nilisimama kwenye chumba cha kuonjea na glasi sita mbele yangu, zote zikawa maji ya rangi. Daktari Leandro anajua, nadhani Padri naye anakisia. Wamenifichia kama ndugu. Agosti ulipokuja kuniambia pipa la mlangoni linanuka dawa, nilikuwa nimelipita kila siku kwa wiki mbili. Siku ile niliona nimeokoka. Ile desturi ya mdogo kusema kwanza niliianzisha mimi mwaka jana, na hao wengine wakaipokea bila kuniuliza sababu. Nilikufanya pua yangu bila kukuomba ruhusa.

Sasa ninaelewa ulichofanya shambani. Uliousifu ulikuwa mvinyo mbovu, nawe ulijua. Ulitaka kuona kama nitakukosoa. Sikukukosoa, na hapo ukapata uhakika. Ulikuwa mtego, kijana wangu, na niliustahili. Kilichonigusa ni kwamba hukwenda kwa meneja. Umeniandikia mimi kwanza, na jina langu hukuliweka.

Basi tufanye hivi. Alhamisi pipa likifika nitakuja na fimbo yangu. Utalinusa mbele ya meneja, utasema ulilosema kwenye barua, nami nitakubaliana nawe, tutasema limeharibikia njiani ili Dona Eulália asiaibike. Mwisho wa mwaka nitastaafu kwa sababu ya mguu. Nitamwambia meneja kwamba asitafute mtu mwingine. Nafasi haitakuwa ya msaidizi. Itakuwa yangu, na wewe ndiye utakayeichukua.

Wako,
Horácio Bragança

*

Vila Nova de Gaia, 28 Februari 1958

Dada,

Nakutumia barua yake uisome mwenyewe, maana nikikueleza utadhani nimetunga.

Nimeandika kukiri, na nimejibiwa kwa pongezi. Niliogopa kuandika "mimi", nikaandika "mtu huyo", na yeye akavaa kofia niliyoishona kwa ajili ya kichwa changu. Miezi hii yote niliogopa anapotikisa kichwa, nikidhani ananitegea. Alikuwa ananifuata. Ningekuwa na hasira na mtu mwingine ingekuwa rahisi, lakini nikitafuta wa kumkasirikia namkuta mimi kila mara, na kalamu yangu.

Sasa sikiliza, na usinikatize. Pipa ni bovu, hilo ni kweli, umelinusa wewe. Nikisimama Alhamisi nikasema lina uvundo, sitakuwa nimesema uongo. Mchanganyiko utapona. Dona Eulália hataaibika. Mzee atastaafu kwa heshima. Mama atapata alichokwisha kukitangaza. Na pua yangu huenda ikarudi. Ya mke wa mwashi si ilirudi? Nani ataumia?

Ninaandika haya na najua jibu, na linanichosha. Pipa linalofuata nitalinusaje?

Abílio

*

Pinhão, 3 Machi 1958

Abílio,

Nina watoto arobaini darasani na pua moja. Siwezi kuwa nakunusia kwa posta.

Mzee wa watu amefungua kifua chake kwako kwa kuamini kwamba unasikia. Ukinyamaza sasa, hutakuwa tena umemdanganya kwa sababu ya mafua. Utakuwa umemdanganya ukiwa mzima.

Sentensi yenyewe ni hii: "Sisikii harufu tangu Novemba." Ina maneno manne. Wewe ni karani, inakili.

Dada yako anayekupenda hata akikasirika,
Deolinda

*

Vila Nova de Gaia, 12 Machi 1958

Dada mpendwa,

Sikuiandika. Niliogopa nikishika kalamu nitaanza tena na heshima kubwa na masikitiko. Nilikwenda kusema.

Alhamisi pipa lilishushwa saa nne. Bwana Horácio alikuwa ameshakaa kwenye chumba cha kuonjea, mguu umefungwa bandeji, na glasi moja ya 1868 mezani mbele yake. Meneja alikuwa anakuja baada ya dakika kumi. Mzee alinisogezea kiti chake. Kile cha dirishani, Dada, ambacho hakuna mtu mwingine anayekikalia. Sikukaa. Nikasema yale maneno manne.

Alidhani namtania. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena, nikaongeza na daftari, na Alhamisi zote, na wewe ulivyokwenda shambani kwa miguu. Nilimwambia mtu niliyemwandika kwenye barua ni mimi.

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Kwa hiyo mezani tulikuwa wawili."

Kisha akakasirika. Sijawahi kumwona hivyo. Alisema ameniandikia mambo ambayo mke wake hajui. Alisema ningeweza kunyamaza dakika kumi tu, dakika kumi, pipa lingerudi na kila mtu angebaki na heshima yake. Nikamwambia ndiyo, ningeweza. Tukabaki tunaiangalia ile glasi, watu wawili wa nyumba yenye miaka mia moja na hamsini ya kuonja, na hakuna kati yetu anayeweza kusema ndani yake mna nini.

Mwishowe alifungua mlango akamwita Zeferino, fundi mapipa. Alikuja na mikono yake iliyolowa maji, akainama, hata glasi hakuinyanyua. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mnataka niseme hapa hapa, au tumngoje meneja?"

Meneja alipoingia, Zeferino akasema: limevunda, tena si la juzi. Bwana Horácio akasimama kwa fimbo yake, akaeleza habari ya pua yake mwenyewe tangu mwanzo, bila kupunguza. Yangu hakuigusa. Aliniachia nafasi niseme au ninyamaze. Kwa hilo namheshimu kuliko kwa jambo lolote. Nikasema. Meneja alisikiliza kwa upole, na ule upole ulinichoma zaidi kuliko makelele ya mzee. Alinishukuru kwa uaminifu wangu. Jana aliniletea barua ya kumteua mpwa wake kuwa msaidizi wa chumba cha kuonjea, niinakili kwa mwandiko mzuri. Mpwa wake anavuta paketi mbili za sigara kwa siku. Nimenakili.

Mchanganyiko wa kale haukuguswa. Pipa limerudishwa kwa treni ya Ijumaa, huenda uliliona likipita. Dona Eulália amemwandikia Bwana Horácio kwamba hataandaa tena meza ya Februari, si kwa sababu ya pipa, bali kwa sababu yeye aliachwa alie kwa furaha mbele ya watu waliojua kuwa ni bovu. Daktari amekwenda kumbembeleza na amerudi peke yake. Mzee anastaafu mwisho wa mwezi. Leo asubuhi alipita mbele ya dawati langu. Hakunisalimia, ila alisimama kidogo, na nadhani alitaka.

Ya kwangu bado haijarudi. Daktari Leandro amenipima bure. Anasema huenda ikarudi, huenda isirudi.

Mama akikuuliza, mwambie kila kitu kama kilivyo. Usisubiri nitafute namna ya kumweleza. Nimechoka kutafuta maneno.

Mdogo wako,
Abílio